Mwanaradi Aliyeita Majina

...na joho, hata joho lenyewe wameliharibu, wanasema alirithi kwa mfalme mmoja wa chini ya bahari, toleo la kwanza, ukurasa wa nne, imeandikwa hapo kwa herufi kubwa, mfalme wa chini ya bahari, wakati Masalu tangu ana miaka sita anajua, na yuko tayari kubishana na mtu yeyote hapa Geita, kwamba joho la Mwanaradi ni kanga ya mama yake, kanga nyekundu ya pindo jeusi aliyofungwa shingoni siku ya kwanza alipotoka nyumbani, asipigwe na baridi njiani... "Ndevu tunaondoa au tunaacha?" kinyozi Salmini aliuliza, na kabla hajajibiwa umeme ukakatika, mashine ikanyamaza katikati ya kichwa, upande wa kulia umenyolewa, wa kushoto bado, Salmini akasonya, akaenda mlangoni kumuuliza fundi cherehani wa jirani kama na kwake hakuna, na Masalu akabaki kwenye kiti akijitazama kwenye kioo, mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, msimamizi wa duara la watu kumi na wawili, maana duara ndivyo wanavyoliita shimo la kuchimbia dhahabu, baba wa Loveness na wadogo zake wawili, nusu kichwa kipara na nusu msitu, shingoni kitambaa cheupe cha kinyozi, joho hilo, joho lililovaliwa mbele, na chini ya joho, mapajani, matoleo ishirini na manne ya Mwanaradi yamefungwa kwa mpira, yote, hakuna lililokosekana, aliyatafuta miaka minane, akauliza wauza vitabu chakavu wa Shinyanga na Kahama, mpaka mzee mmoja wa Mwanza akapatikana nayo kwenye sanduku, yakaja na basi jana, na leo asubuhi, kwenye benchi la foleni, Masalu akayafungua, akasoma la kwanza, akasoma la pili, akasoma haraka haraka kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha mahali na hakioni, na sasa ameyamaliza, na anataka kulia, kwa sababu ya katuni, aibu iliyoje, kwa sababu ya katuni za miaka ya themanini ambazo hata waliozichora pengine wamekwishazisahau.

Maana si Mwanaradi. Huyu si yeye. Sura ni yake, lile taya, ule mkanda wenye alama ya radi, picha zenyewe ni zilezile, anazikumbuka kona kwa kona, hata doa la chai kwenye toleo la tano angeweza kukuonyesha mahali lilipokuwa kwenye nakala yao ya kijijini Samuye, lakini huyu anaongea kama mpuuzi, kila akimpiga adui anajisifu, kila ukurasa ni mimi, mimi, mimi, ngumi zangu, nguvu zangu, na kuanzia toleo la kumi na tatu mchoraji amebadilishwa, pua imekuwa ya mtu mwingine, na la ishirini, hili ndilo lililomfanya asimame kwenye benchi mpaka watu wakamtazama, la ishirini wanasema yote yaliyotangulia ilikuwa ndoto, Mwanaradi alikuwa amelala, matoleo kumi na tisa ya usingizi, mtu na akili zake ameandika hivyo na akalipwa... na yule adui mwenye mashine ya mishale na namba, Masalu anajua ile ni mizani, mizani ya pamba, adui ni mnunuzi anayepunja wakulima, anaweka jiwe upande mmoja, Mwanaradi anakuja anaikunja mizani kama waya, watoto wa Samuye walikuwa wanashangilia hapo mpaka wanapaliwa, kumbe imeandikwa ni mashine ya kuiba jua, jua, sasa mtu akishaiba jua anakwenda kulifanyia nini. "Hata kwa jirani hakuna," Salmini alisema kutoka mlangoni, akaongeza kitu kuhusu transfoma na mvua ya juzi, Masalu akaitikia mh, hakusikia, alikuwa Samuye, barazani, msimu wa pamba, mama yake, Mageni, amekaa kwenye mkeka amenyoosha miguu, lundo la pamba mbele yake, anachambua, nzuri huku, chafu huku, mikono haipumziki, na kitabu kimelazwa juu ya goti lake, kimoja kati ya vile ambavyo baba, Makoye, alivituma kutoka machimboni ndani ya gunia la sukari na sabuni, baba alikuwa anatuma vitu, yeye mwenyewe hakuwa anakuja, na kwa kuwa mikono ya mama ilikuwa na kazi, kazi ya Masalu ilikuwa kufunua kurasa, "Funua, ng'wanone," mwanangu, funua, naye anafunua, mama anatazama, anasimulia kwa Kisukuma, na mtoto wa miaka sita anaamini kwamba kitabu kimeandikwa Kiswahili na mama anakigeuza kichwani papo hapo kuwa Kisukuma, akawa anajivuna kwa wenzake malishoni, mama yangu anasoma, mama zenu je.

Anasoma. Huyu mama aliyetia dole gumba kwenye karatasi za shamba pale ofisi ya kijiji, na nani alimshikia kidau cha wino kama si Masalu mwenyewe, akamfuta kidole kwa kitambaa, akaona ni jambo la kawaida, wazee wengi wanatia dole, na wala haikumpitia akilini siku ile, wala siku nyingine yoyote kwa miaka thelathini na sita, kujiuliza, basi vile vitabu alivisoma kwa kitu gani... mjinga, Masalu, mjinga wa kutupwa, siri zote za mashimo ya watu unazijua, nani anachimba kuelekea wapi, na la nyumbani kwenu hukulijua. Shule alianza ana miaka kumi, ng'ombe walikuwa hawana mtu mwingine, na alipojua a na e mchwa walikuwa wameshakula sanduku, vitabu, na shuka la baba, alivililia vitabu vile kuliko alivyomlilia baba asiyerudi, kwa hiyo hakuwahi, hata siku moja, kuweka maandishi na simulizi kwenye meza moja, mpaka leo, kwenye benchi la Salmini, mbele ya watu wanaojadili mpira.

Na toleo la tisa, aliogopa kulifungua toleo la tisa, akaliacha akaenda la kumi, akarudi, kwa sababu toleo la tisa ndilo lililomfanya awe mtu huyu aliyekaa hapa... ukurasa wa mwisho, pango limeanguka, vumbi, watu wanatoka wameinama, na Mwanaradi amesimama mlangoni, mkono juu, mdomo wazi, na mama, pamba mkononi, sauti imeshuka kidogo kama anayeogopa kumwamsha mtu, anasema, hapa anawaita, anawaita kila mtu kwa jina lake, hahesabu, kuhesabu ni kwa ajili ya magunia, anasema mimi sihesabu watu, naita majina, na hatoki pale mlangoni mpaka jina la mwisho limeitika. Na Masalu wala hakushangaa, maana ndivyo mama alivyokuwa anafanya kila jioni penye lango la zizi, kwao ng'ombe hahesabiwi, kumhesabu ni kumwitia balaa, anaitwa, mweusi wa paji jeupe, yupo, mwekundu wa pembe moja, yupo, yule wa madoa aliyenunuliwa Tinde, yupo, na ndama wake, yupo, basi funga. Akakua na hilo. Akaenda machimboni nalo. Kila duara lina karani wa kuchora vijiti, wameshuka tisa, vijiti tisa, wamepanda tisa, daftari linafungwa, watu wanakwenda kula, lakini kwa Masalu lazima aite, wakamcheka mwanzoni, wakamwita mwalimu wa zamu, wakawa wanaitikia kwa sauti za kitoto, nipo mwalimu, yeye akawaambia ndivyo afanyavyo Mwanaradi, wakauliza ndiye nani, akawasimulia, siku nzima, wakaacha kucheka. Halafu masika ya mwaka mmoja, udongo ukashuka chini kule, wakapanda mbiombio wamejaa tope usoni, huwezi kumjua mtu na nduguye, karani akachora, tisa, wametoka wote, Mungu mkubwa, tuondoke, na Masalu akasimama penye mdomo wa duara, mkono juu, ndiyo, mkono juu, alijiona mwenyewe ukiwa juu, akaita, Doto, nipo, Ngusa, nipo, Majaliwa, nipo, Enock... Enock... na karani anasema tisa wametimia, bosi, usitucheleweshe, na Masalu anaita, Enock, na mmoja katika wale tisa, mwenye tope, anasema kwa sauti ndogo mimi si Enock, mimi naitwa Adam, natoka duara la pili, maana maduara hukutana huko chini, wachimbaji hutoboana, na yule kwa woga alikimbilia tundu la karibu akatokea kwao. Tisa walikuwa tisa. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Na Enock alikuwa chini, gogo la matimba, miti ya kuzuia udongo, limemlalia mguu, yuko hai, anapiga jiwe kwa jiwe na hakuna anayesikia, na Masalu akashuka kwa kamba, akashuka akiogopa, hajawahi kumwambia mtu jinsi alivyoogopa, na wakapanda wote wawili, saa tatu baadaye, na Enock leo anachechemea kidogo tu, ana mke na mapacha, na jioni hii anakuja nyumbani kwa Masalu na familia yake yote kumwona huyo Mwanaradi kwa macho yake, kwenye kitabu, ukurasa ule, mkono juu.

Na kwenye ukurasa ule imeandikwa, toleo la tisa, ndani ya kiputo cha maneno, mkono juu na mdomo wazi: kila mtu ashike njia yake, mimi nawahi karamu ya meya. Masalu alilisoma mara tatu. Aligeuza karatasi kutazama kama kuna ukurasa umegandana. Mkono ule ni wa kuwaaga. Anawaaga watu wanaotoka mavumbini, hajui wangapi, hajali, na ukurasa unaofuata yuko kwenye karamu kweli, glasi mkononi, nishani kifuani, na mama, mama alikuwa amesema ile ni nyumba ya yule aliyeitika wa mwisho, ndugu zake wamempikia Mwanaradi, na ile glasi ni maji, anakunywa kwanza maji kwa sababu vumbi limemkausha koo... Hasira ikampanda Masalu, hasira ya kweli, kwa mwandishi asiyemjua, wa huko Dar es Salaam, wewe ulikuwa na mkono ule, ulikuwa na pango, ulikuwa na watu wanatoka, ukashindwa kuona, ulipewa kalamu ya nini. Na nyuma ya hasira, hofu, maana jioni amekwishapanga, mama yuko njiani anakuja kupimwa macho, na Loveness, kidato cha pili, ambaye Kiswahili chake walimu wanakisifu, atasimama sebuleni amsomee bibi yake kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya Enock na wageni wote, ndiyo zawadi yenyewe, Masalu amejigamba nayo wiki nzima, na Loveness atafungua toleo la tatu, picha ile ya mwanamke mlangoni na Mwanaradi anaondoka, mama yake Mwanaradi, anaonekana mara moja tu katika vitabu vyote ishirini na vinne, na mtoto atasoma kwa sauti yake safi kilichoandikwa, mama kaa jikoni, mambo haya huyawezi, na Mageni, amevaa kitenge chake cha safari, atasikia hivyo kutoka kwa Mwanaradi, mtu ambaye yeye ndiye aliyemlea kwa maneno yake mwenyewe, na watu watageuka wamtazame, na yeye atajua kwamba wanajua. Hapana. Basi avitupe. Avisahau kwa Salmini kwa bahati mbaya. Amwambie Enock basi limepoteza mzigo... lakini mama naye, mama, kwa nini hukusema, miaka yote hii, umeniacha nikasimama mbele ya wanaume nikiapa kwa kitabu.

Simu ikatetemeka mfukoni, akahangaika kuitoa chini ya kitambaa, vitabu vikateleza, akavibana kwa magoti, namba ya mama. "Tumepita Kakola," mama alisema kwa Kisukuma, sauti ya juu kama kawaida yake, anaamini simu inahitaji kusaidiwa, na basi linanguruma nyuma yake, akasema dereva ni mtaratibu, akasema amembebea michembe, viazi vilivyokaushwa, na karanga, akasema jirani yake kitini ni mlokole anaimba, na Masalu akiitikia tu, mayu, yaani mama, ndiyo mayu, akitafuta mahali pa kuingiza lile swali, kwa nini, na swali lipo kwenye ulimi, na mama akasema, kama anavyosema kila akimpigia, iwe asubuhi iwe mchana, "Umekula?"

"Nitakula nikirudi, mayu," Masalu alisema.

Simu ikakatika, mtandao wa porini, na yeye akabaki ameishikilia sikioni, kwa sababu amesikia. Toleo la tatu. Mwanamke yuko mlangoni, mkono mmoja umenyooshwa, Mwanaradi amempa mgongo kidogo, na mama anachambua pamba, anasema, hapa mama yake anamuuliza umekula, naye anajibu nitakula nikirudi, mayu, na mama alikuwa anacheka kidogo hapo kila mara, mtoto Masalu hakujua kwa nini, maana kila asubuhi akitoka na ng'ombe ndivyo walivyoulizana na kujibizana, neno kwa neno, na mama alikuwa amemchukua mwanawe yule mchafu wa magoti akamtia ndani ya joho... na sasa anakumbuka na kingine, kinakuja polepole, siku aliyouliza, aliwahi kuuliza, mayu, ndivyo ilivyoandikwa, na mama hakusema ndiyo. Hakusema ndiyo hata mara moja. Alimnyooshea picha kwa kidevu, mikono imejaa pamba, akasema, "Mtazame mdomo wake. Mtu mwenye mdomo kama huu asingesema jingine." Hakudanganya, basi. Alitazama. Alimtazama mtu aliyechorwa vizuri na kuandikwa vibaya, akaona anachostahili kusema, akamsemea, vitabu ishirini na vinne, kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, bila kujikanyaga, bila kusahau kanga ni ya nani wala jiwe la mizani lilifichwa wapi, bila ndoto ya kijinga ya toleo la ishirini, huku anachambua pamba ya kulisha watu sita, na aliyoyasema yakashuka kwa kamba mpaka chini kwa Enock yakampandisha. Huyo wa Dar es Salaam mwenye kalamu nani amemwokoa. Masalu aliona uso wake kwenye kioo, nusu kipara, unacheka peke yake, na macho yana maji, akaona fahari inamjaa kifuani mpaka kitambaa kinambana, akajiambia Loveness hatasoma, Loveness atakaa kwenye mkeka kando ya bibi yake na kazi yake itakuwa moja, kufunua, atakapoambiwa funua, ng'wanone, afunue, na Enock atasikia majina yakiitwa na yule aliyeanza kuyaita, na huyo mtoto wa kidato cha pili macho yake yakitangulia kwenye maandishi, na yatatangulia, anamjua, atanyanyua uso amtazame bibi yake, halafu amtazame baba yake, na Masalu atamwashiria kwa kidevu aendelee kufunua.

Umeme ulikuwa haujarudi. Salmini alikuja akasimama nyuma ya kiti, mashine mkononi imekufa, akasema samahani Baba Loveness, tuvumilie kidogo, kisha akaona kona ya kitabu imetokeza chini ya kitambaa, lile joho jekundu, akainama kukitazama, akasema anaona kama aliwahi kukiona kitu hiki utotoni kwa mjomba wake Tabora, jamaa wa radi, sivyo, kilikuwa kibovu kibovu hivi.

"Hicho ni kingine," Masalu alisema. "Hiki ni cha mama yangu."

"Cha kwake? Kwamba ameandika yeye?"

"Yeye."

Salmini alitikisa kichwa kwa heshima, akauliza tena kuhusu ndevu, na Masalu akamwambia aondoe, umeme ukirudi.